Mnyapara Aliyeng'oa Reli Zake

Egbert Pinnock alizaliwa kwenye nyumba ya mbao iliyojengwa na shirika la reli, ubavuni mwa stesheni ya Breadnut Gap. Baba yake alikuwa mtu wa genge, mmoja wa wale wanaume waliotembea juu ya mataruma, yale magogo yanayobeba reli, tangu jua halijatoka, nyundo begani, wakigonga msumari uliolegea na kuzibua mitaro ya maji. Njia hiyo ilipanda milima yetu zamani za babu kwa ajili ya ndizi. Ndizi zilishushwa bandarini Montego Bay, na wanawake wa sokoni wakapanda upande wa pili na viazi vikuu na tangawizi yao hadi Kingston. Treni ya mchana ilipopiga honi pale darajani, kina mama walijua ni wakati wa kubandika chungu.

Egbert aliingia gengeni ndevu zikiwa bado zinasitasita kuota, na kabla hajatoa mvi ya kwanza alikuwa mnyapara. Hakuwa mtu wa kutukana. Akiona taruma limepachikwa vibaya alisimama tu hapo juu yake, mikono nyuma, kimya, mpaka aliyefanya kazi hiyo arudi mwenyewe kuifanya upya.

"Heri unizabe kofi, Bosi, kuliko kunisimamia hivyo," rafiki yake Ferdie Swaby alikuwa akimwambia.

Mke pia alimpata relini. Vinnette alikuwa akiuza samaki wa kukaanga na mkate wa muhogo kwenye madirisha ya mabehewa, na Egbert akazoea kusimama pale treni inapofika, ati anakagua magurudumu.

"Kaka, unanunua?" Vinnette alimuuliza siku moja.

"Mimi si abiria."

"Basi panda uwe abiria, au sogea. Kofia yako hiyo inanifichia wateja."

Kofia hiyo ilikuwa ya bluu iliyokolea, yenye nembo ya shaba mbele. Alikwenda nayo kanisani akaiweka magotini wakati wa ibada. Hata watu waliomzidi umri walimwita Mas Egbert, na huku kwetu "Mas" hapewi kila mwenye suruali.

Mambo yalianza kuharibika taratibu. Malori yalichukua ndizi, halafu yakachukua wanawake wa sokoni. Vichwa vya dizeli vilikufa njiani, abiria wakashuka na kumalizia safari kwa miguu, vikapu kichwani. Mwaka tisini na mbili treni ya abiria ikasimamishwa. Walisema ni kwa muda. Egbert aliendelea kuzibua mitaro bila mshahara msimu mzima wa mvua, akiamini asubuhi yoyote honi itasikika. Halafu nyasi zikazidi panga lake, akahamia kwenye shamba la viazi vikuu nyuma ya nyumba.

Miaka ilipita. Vinnette akapata ugonjwa wa sukari, kidonda kikamtoka kwenye kisigino na kikakataa kupona. Kila alipopelekwa hospitali ilibidi kukodi gari, maana kutoka mlimani kwetu hakuna namna nyingine.

Hapo ndipo alipokuja Lascelles Broomfield, mnunuzi wa vyuma chakavu, na lori lake jekundu. Alimkuta Egbert shambani.

"Mzee, hiki chuma chote kilicholala hapa ni cha nani?"

"Cha reli."

"Reli gani, mzee wangu? Ile ya kwenye picha za kalenda?"

Egbert alimfukuza na panga mkononi, na kijiji kizima kilicheka wiki ile tulivyosimuliana jinsi Lascelles alivyopanda lori kupitia dirishani.

Lakini Lascelles hakwenda mbali. Upande wa pili wa handaki la mlima vijana wasiojulikana walianza kukata reli kwa moto wa gesi. Egbert alikwenda kuona. Walikuwa wamekata ovyo, vipande vingine vimeachwa vimepinda kama miguu ya mende, mataruma yamepasuliwa. Alirudi nyumbani ameudhika kupita kiasi, na kilichomuudhi, baadaye alimwambia Ferdie, haukuwa wizi. Ulikuwa ubovu wa kazi.

Lascelles aliporudi alimkuta Egbert amekaa barazani na Vinnette anaguna ndani kwa maumivu.

"Zitaondoka zote, mzee, upende usipende," alisema. "Ama waziondoe wale wahuni, ama ziondolewe vizuri na mtu anayezijua."

"Vijana wako wana mikono. Unanitakia nini mimi?"

"Mikono ninayo. Ninacholipia kwako ni kofia."

Egbert hakuelewa mara moja. Alipoelewa alipaswa kuinuka na kwenda kutafuta panga. Hakuinuka.

Kwa hiyo reli zetu, kuanzia stesheni hadi darajani, ziling'olewa mchana kweupe, na Mas Egbert Pinnock amesimama pembeni na kofia yake ya bluu, mikono nyuma. Vijana walifungua vibamba vya kuungia reli kwa spana, wakang'oa misumari kwa mitalimbo, wakapakia. Kazi ilikuwa safi. Aliyeuliza aliambiwa serikali imeagiza, na nani angebisha na kofia ile?

Miss Icilda Gayle, mjane aliyefundisha watoto wetu wote Biblia, nyumba yake inatazama reli. Alishuka na jagi la maji ya limau yaliyokolea sukari guru, na vikombe vyake vya kioo vya wageni.

"Kunyweni, wanangu, jua ni kali. Mas Egbert, kwani serikali imetukumbuka?"

"Imetukumbuka, Miss Icilda. Hizi zimeoza. Zitaumiza watoto."

"Na mpya wataleta lini?"

Wale vijana waliacha kunywa wakamtazama.

"Wataleta," alisema.

"Bwana asifiwe!" Miss Icilda akampigia makofi kama mtoto wa darasa la kwanza aliyejibu vizuri. "Nilijua tu. Ningemwona mtu mwingine hapa ningepiga kelele, lakini nikasema, ah, ni Mas Egbert."

Alikunywa maji yale. Alitamani asinywe, lakini kikombe kilikuwa mkononi na mama wa watu amesimama mbele yake.

Neno "wataleta" likapanda mlima lenyewe. Miss Icilda alinunua rangi akapaka lile benchi la stesheni. Watu wakaanza kufyeka njia. Vinnette, ambaye aliambiwa kwamba mumewe ameitwa tena kazini, alisimama kanisani kwa magongo akamshukuru Mungu kwa kuwakumbuka wazee wa reli, akalia, na wanawake wakalia naye. Egbert alikaa na kofia magotini akitazama nembo.

Ferdie Swaby naye aliposikia kuna kazi alivaa suti yake ya mazishi akateremka mjini kwenye ofisi ya reli kuomba nafasi. Alirudi jioni, viatu mkononi. Egbert alikuwa kibarazani.

"Walikuambiaje?"

"Waliniambia hakuna kazi," Ferdie alisema, akampita.

Lascelles hakuonekana tena. Fedha zilikwenda kwenye magari ya kukodi na mabati ya paa, na mguu wa Vinnette ulikatwa hata hivyo, chini kidogo ya goti. Reli mpya hazikuja. Watu waliilaumu serikali, jambo ambalo huku halihitaji ushahidi, na nyasi zikarudi.

Yangeweza kuishia hapo. Lakini miaka mingi baadaye redio ikatangaza kwamba huko bondeni treni inaanza tena kuwabeba wanafunzi. Breadnut Gap nzima ilirukwa na akili. Na siku gari la serikali lilipoonekana linapanda, na ndani yake injinia wa kike, kijana, Nadine Lyttle, pamoja na wasaidizi wawili na vyombo vya kupimia, tulikwenda wote stesheni. Mchungaji aliomba. Kwaya iliimba. Walitafutiwa shelisheli la kuchoma na samaki wa chumvi. Kisha watu wakaanza kusukumana: "Mas Egbert yuko wapi? Mleteni mbele! Huyu ndiye mnyapara, mama, hakuna asichokijua!"

Alikuwa amejificha nyuma ya tangi la maji. Mzee mwenye miaka karibu themanini, amejificha. Walimtoa wakamvika na kofia. Vinnette alikuwa amempa mtoto wa jirani ailete, imepigwa brashi, nembo imesuguliwa kwa majivu.

Tukaondoka kutembea kwenye njia, injinia mbele pamoja na Egbert, sisi nyuma. Pale stesheni mataruma tu ndiyo yaliyoonekana chini ya majani, ukadhani reli zimefunikwa. Tulipovuka kona injinia alisimama.

"Reli za hapa ziko wapi?"

Kila mtu alidhani anajua.

"Si mlizichukua wenyewe?" alisema Miss Icilda, akacheka kwa upole. "Serikali ilizing'oa, mwanangu. Kwamba zimeoza, zitaletwa mpya. Mas Egbert hapa ndiye aliyesimamia."

Injinia alimtazama yeye, akamtazama Egbert. "Hatujawahi kung'oa reli huku, mama. Hakuna aliyetumwa."

"Alitumwa. Mimi nilikuwepo. Niliwaletea kinywaji."

"Labda ofisi ya zamani," Egbert alisema. Sauti yake ilitoka ndogo mno. "Sijui. Waliniita tu."

"Labda," alisema injinia. Alikuwa binti mwenye adabu. Aligeuza uso akajifanya anaandaa chombo chake. Adabu ile ndiyo iliyotufungua macho, maana mtu haoneshi adabu ya namna hiyo pasipo kuwa na aibu ya kusitiri. Watu walianza kuondoka mmoja mmoja, ghafla kila mtu ana sufuria jikoni. Ferdie ndiye aliyebaki. Alimshika Egbert kiwiko akamrudisha nyumbani kama mgonjwa.

Walikaa kwenye jiwe la nje, hawakuingia ndani ili Vinnette asisikie.

"Ulijua," Egbert alisema.

"Tangu siku ile mjini. Walinicheka, Bosi. Yule karani aliwaita wenzake waje wasikie: mzee ametoka mlimani na tai shingoni kuomba kazi kwenye reli iliyokufa. Nikawaambia, mnyapara wangu yuko kazini sasa hivi. Ndipo wakacheka zaidi."

"Mbona hukuniambia kitu?"

"Nikuambie nini?" Ferdie aliokota kokoto akaitupa. "Maisha yangu yote najisifu kwamba nilifanya kazi chini ya Pinnock. Sina kingine cha kujisifia. Nikisema wewe mwizi, mimi nabaki nani?"

Egbert alijifunika uso kwa kofia, halafu akakumbuka ni kofia gani, akaiondoa.

Asubuhi alikwenda kwa wapimaji kule darajani peke yake. Alimkuta injinia anakunywa kwenye kifuniko cha chupa ya chai, akamwambia yote bila kupunguza: lori, Lascelles, kofia. Alisema yuko tayari kupelekwa polisi, na kwamba wasikinyime kijiji treni kwa sababu ya mtu mmoja.

Injinia alisikiliza mpaka mwisho. "Mzee Pinnock," alisema, "treni haiji huku. Hatukuja kwa ajili hiyo. Tumetumwa kuangalia kama daraja hili linaweza kuangukia barabara. Nilijaribu kumwambia mchungaji jana lakini kwaya ilikuwa inaimba."

"Hata kama reli zingekuwepo?"

"Hata kama zingekuwepo. Hakuna anayefikiria kupanda huku."

Moyo wa Egbert ukaruka kwa furaha. Alimweleza Ferdie hivyo baadaye, kwamba alifurahi, kwamba kwa muda mfupi pale darajani alijisikia mwepesi kama kijana. Kisha akaona anachofurahia: kwamba stesheni ya baba yake haitaona treni tena milele. Aliona aibu mpya kabisa, mbaya kuliko ya jana, maana hii hakuna aliyemwona nayo.

Kuhusu polisi, injinia alisema hilo si lake, na akamwomba aangalie asije akateleza kwenye mawe.

Kutoka hapo alikwenda kwa Miss Icilda. Alisimama nje ya lango akabisha. Miss Icilda alitoka na aproni, akaja hadi langoni, hakulifungua.

"Miss Icilda, nimekuja kukuambia mwenyewe."

"Sema."

Alisema. Mama yule alimsikiliza, mkono juu ya komeo.

"Kwa hiyo nilipokuuliza mpya zitaletwa lini."

"Sikujua la kukujibu."

"Ukasema wataleta."

"Nilisema."

"Nimewaambia watoto wa watu, Egbert. Nimewafundisha wimbo wa kuipokea treni." Hakuinua sauti. "Sikiliza. Reli hazikuwa zangu, siwezi kukusamehe kwa ajili ya hizo. Yale maji ya limau yalikuwa yangu. Vikombe vilikuwa vya harusi yangu. Hayo ndiyo yanayonikaa hapa." Akajigusa koo. "Nenda nyumbani. Mkeo asisikie haya kwa mtu mwingine."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita Egbert bila Mas. Wengine walifuata. Hakukuwa na kikao wala azimio, neno lile lilianguka tu, kama jino la mtu mzima.

Vinnette alikuwa amekaa kitandani akisubiri. Alikuwa ameshaona namna watu walivyopita mbele ya nyumba bila kusalimia.

"Pinnock," alisema, "ni kweli?"

"Ni kweli."

"Nilisimama mbele ya kanisa."

"Najua."

"Nililia, Pinnock. Nikamtaja Mungu."

Aliketi sakafuni karibu na kitanda. Hakusema kwamba alifanya kwa ajili ya mguu wake. Neno hilo lilimfika ulimini na alilimeza, na nadhani katika mambo yote aliyoyatenda kuhusu reli zile, hilo ndilo pekee alilolitenda vizuri. Vinnette alilisema mwenyewe.

"Na usithubutu kuniambia ilikuwa kwa ajili yangu. Mguu umekwenda. Sitaki kubebeshwa reli pia."

Jumapili iliyofuata Vinnette alitaka kwenda kanisani. Egbert alisema yeye atabaki nyumbani. "Hapana," alisema mkewe, "nani atanisukumia kiti cha magurudumu? Mimi siwezi kujificha, na wewe hujifichi." Walikaa benchi la mwisho. Hakuna aliyewafukuza wala aliyesogea kuwapisha.

Kijiji kiliamini, na wengi bado wanaamini, kwamba treni ilinyimwa kupanda kwa sababu ya Egbert. Ferdie alimbembeleza: "Waambie alichosema yule binti. Treni haikuwa inakuja. Una haki ya kusema."

"Nikisema itakuwa najitetea."

"Basi niseme mimi."

"Usiseme, Ferdie. Nakuomba."

Ferdie aliheshimu, ingawa kwangu mimi alisema, kwa kuwa hawezi kunywa ramu na kunyamaza kwa wakati mmoja.

Mwaka jana mwalimu wa shule ya bondeni alileta wanafunzi kuona stesheni. Alikuwa ameambiwa kwamba kuna mnyapara mzee bado yuko hai. Alipobisha kwa Pinnock, Egbert alitoka akanyoosha kidole upande wa pili wa barabara.

"Mwulizeni Swaby. Yeye ndiye mtu wa reli."

"Lakini wewe si uliku..."

"Mwulizeni Swaby."

Wakamtoa Ferdie, akasimama kwenye ukingo wa jukwaa la stesheni na suti yake ileile, watoto wamekaa chini mbele yake. Aliwasimulia jinsi ndizi zilivyopakiwa, jinsi dizeli lilivyopanda kona ya mwisho likipumua kwa shida, jinsi genge lilivyotembea kwenye mvua. Msichana mmoja akauliza nani alikuwa mkubwa wao.

"Alikuwa Pinnock," Ferdie alisema kwa sauti kubwa, sauti ya kuvuka barabara. "Hakukuwa na mnyapara kama yeye kutoka Kingston hadi Montego Bay. Treni haikuwahi kuacha njia kwenye kipande chetu. Hata mara moja."

Egbert alikuwa shambani, ameinama kwenye tuta la viazi vikuu, na kila neno lilimfikia. Nilikuwa nimesimama kwenye uzio wake. Aliweka jembe chini polepole, akafuta mikono kwenye suruali, akaingia ndani kupitia mlango wa nyuma.